Gari Lisiloshiba

Nahashon Kioko alikuwa na karakana yake Barani, Malindi: uwanja wa mchanga uliozungushiwa mabati makuukuu, ambamo alitengeneza kila kitu chenye magurudumu isipokuwa baiskeli, ambazo alisema zina wenyewe. Alitoka Ukambani mwishoni mwa miaka ya sabini kuja kuendesha jenereta ya hoteli moja ya ufuoni, akagombana na msimamizi, akabaki mjini. Hakuwa mtu wa subira. Mkewe Mueni, aliyeuza chapati na maharagwe kwenye lango la karakana, alikuwa akiwaambia wateja kwamba mumewe hugombana na boliti kwanza, na boliti isipojibu hugombana na mwenye gari.

Kufikia mwaka wa 1986 ugomvi wake karibu wote uliishia kwenye gari moja. Lilikuwa gari la Kifaransa, refu, lenye sehemu kubwa ya mizigo nyuma, lililoachwa na Mzungu aliyefunga hoteli yake akarudi kwao. Halikuwa na springi hata moja. Badala ya springi palikuwa na mafuta, yakisukumwa na pampu ya injini kupitia paipu nyembamba hadi kwenye matufe manne ya chuma yenye gesi ndani, moja kwa kila gurudumu, ambayo Kioko aliyaita maboga. Injini ikilala usiku kucha, gari lilishuka polepole hadi tumbo likakaribia mchanga. Ikiwashwa, liliinuka, matako kwanza, kichwa baadaye. Watoto wa mtaani walilipa jina la Ngamia, na hata mwenyewe akaacha kuliita vingine.

Mwenyewe alikuwa Harith Muhdhar, mfanyabiashara wa chumvi, mtu mpole, mwenye kanzu isiyo na doa na maneno yasiyo na haraka. Alilinunua kwa ajili ya mamake, Bi Kulthum. Bibi huyo aliteleza kando ya kisima akavunjika nyonga, mfupa ukaunga vibaya, na tangu hapo hakuweza kuinua mguu kupanda chombo chochote. Kwa Ngamia hakuwa na haja ya kupanda. Kando ya kiti cha dereva kulikuwa na wenzo; ukiusukuma, gari zima lilishuka chini kama linalopiga magoti, bibi akarudi nyuma hatua moja akaketi, kisha likamwinua bila kumtikisa. Kioko, ambaye hakusifu vitu ovyo, alikubali kwamba kwa kazi hiyo hajaona gari jingine.

Tatizo ni kwamba siku ambazo mamake hakuwa na safari, Harith alilipeleka Marereni kubeba chumvi.

"Bwana Harith," Kioko alimwambia mara ya kwanza, "hili si lori."

"Najua, fundi wangu. Lakini lori likibeba chumvi huinama. Hili haliinami. Umeliona mwenyewe?"

"Haliinami kwa sababu lina mafuta."

"Basi si ndiyo uzuri wake?"

Baada ya paipu ya nyuma kupasuka kwa mara ya pili, Kioko alikwenda Marereni kujionea. Nzai, dereva wa Harith, kijana wa Sabaki asiyekasirika, alirudisha gari kinyumenyume hadi kwenye lundo la chumvi, akaacha injini ikinguruma. Wapakiaji wakaanza kazi chini ya usimamizi wa Kahonzi, mtu mfupi mwenye kifua kipana, aliyekuwa amesimama kando, mikono kiunoni, akitazama magurudumu ya nyuma tu.

"Mnapakia magunia mangapi?" Kioko aliuliza.

"Hapa hatuhesabu, fundi. Twaangalia gari. Gari likikaa kitako, limeshiba. Twaacha."

"Na hili?"

"Hili halijashiba tangu nilijue."

Kioko akatazama. Gunia lilitupwa ndani, nyuma ya gari ikazama kidogo. Wapakiaji wakangoja. Chini ya sakafu kukasikika mlio mwembamba, kama mtu anayevuta pumzi kwa meno, na Ngamia akajiinua tena hadi pale pale alipokuwa. Wapakiaji wakacheka.

"Lataka jingine," mmoja alisema, na jingine likatupwa.

"Halitaki jingine," Kioko alisema. "Linajiinua kwa sababu limeundwa hivyo. Kahonzi, wewe ukibebeshwa gunia ukasimama wima, ndiyo kusema mgongo hauumi?"

"Mimi ukiniuma nakaa chini," Kahonzi alijibu. "Nalo likae chini. Nani amelikataza?"

Kioko aligeuka kutafuta mtu wa kumweleza kwamba uzito ulikuwa haujaondoka. Kwamba ulikuwa umetoka tu kwenye macho ya Kahonzi ukaingia kwenye pampu, kwenye paipu, kwenye maboga. Alimpata Nzai. Nzai alimsikiliza hadi mwisho kwa heshima, akasema ni kweli kabisa, kisha akaondoka na mzigo ule ule.

Tangu hapo karakana ya Barani haikukosa Ngamia. Boga moja lilipoteza gesi yake, na kila shimo la barabara ya Sabaki likawa kama nyundo. Paipu ziliingia kutu kwa vumbi la chumvi, zikaanza kutoa jasho la mafuta kwenye viungo vyake. Kioko alikuwa na desturi moja asiyoivunja: hakuingia chini ya gari hilo bila kuweka magogo mawili ya mvule chini ya fremu, hata kama lilikuwa limeinuka hadi mwisho, maana kitu kinachosimama kwa mafuta hukaa chini mafuta yakitaka. Siku moja Harith, aliyekuwa ameketi ndani akingojea, aliugusa ule wenzo ili aone kama umetengenea. Ngamia akashuka juu ya magogo kwa kishindo, kifua cha Kioko kikiwa katikati.

"Samahani, fundi wangu," Harith alisema dirishani. "Kumbe wenzo wafanya kazi vizuri."

Siku hiyo Mueni alisikia maneno ya Kikamba ambayo hakujua kwamba mumewe anayajua.

Mafuta ya gari hilo yalikuwa ya aina yake, ya kijani, na yalipatikana Mombasa tu, tena si kila duka. Kwa kuwa lilivuja, lilihitaji kuongezwa mara kwa mara, na Kioko hakutaka kuitwa kila likipungua. Alimkalisha Nzai karibu na tangi la mafuta hayo, chini ya boneti, akamwonyesha kipimo, akamwagiza kama anavyoagizwa mtu ambaye hutaki kuagiza mara ya pili.

"Usitie mafuta ya breki, yatakula mipira yote. Usitie ya injini. Usitie dizeli. Ukitia hayo nitajua, na nitakufuata hadi Sabaki. Tia mafuta safi. Umesikia?"

"Nimesikia, fundi."

Na kwa miezi miwili mitatu kipimo hakikushuka. Kila Kioko alipolitazama tangi lilikuwa limejaa. Alifurahi, na hakuuliza.

Kisha ikaingia Julai, pamoja na ubaridi wake wa asubuhi ambao watu wa bara huucheka na watu wa Malindi hujifunikia mashuka mawili. Harith akaja Barani mwenyewe kusema kwamba Ngamia hataki kuamka. Amewashwa tangu alfajiri, injini inanguruma, tumbo liko chini.

Kioko alikwenda saa nne. Nzai akawasha. Ngamia akainuka, matako, kichwa, bila tatizo lolote.

"Leo asubuhi hakuinuka," Harith alisema.

"Sasa ameinuka."

"Asubuhi, fundi."

Wiki iliyofuata ikawa vilevile, na mara ya tatu vilevile. Kila mara Kioko aliitwa kwa haraka, akaacha gari la mtu mwingine likiwa limefunguliwa matumbo, akavuka mji mzima na sanduku la spana begani, akafika jua likiwa limepanda, akakuta gari zima, zuri, limesimama likimtazama. Alikagua pampu. Alikagua maboga. Alianza kuamini kwamba Harith analiwasha na kulizima kabla pampu haijapata nafasi. Akamwambia hivyo. Harith akasema wallahi amengoja hadi amemaliza kikombe cha kahawa. Kioko akasema kikombe cha kahawa si kipimo. Wakaachana kwa adabu nyembamba sana.

Lisingekuwa jambo kubwa kama si macho ya Bi Kulthum. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili. Alimjua mwanawe kwa sauti na mchana kwa joto. Daktari wa macho kutoka nje alikuwa Mombasa kwa muda mfupi, na jina la bibi lilikuwa limeingia siku ya mwisho ya kazi yake: afike kabla ya adhuhuri, na jioni daktari anapanda ndege. Hakuna aliyejua kama atarudi. Harith alimsihi Kioko aje mwenyewe alfajiri ya siku hiyo, aliamshe gari kwa mkono wake. Kioko naye alitoa sharti moja. Wiki hiyo yote Ngamia asiende Marereni.

"Hilo ni dogo, fundi wangu," Harith alisema.

Kioko alifika kwa Harith, mji wa kale, watu wakitoka msikitini. Gari lilikuwa kifudifudi mbele ya nyumba, injini ikiunguruma, Nzai ndani, Harith kando yake katika kanzu mpya. Halikuinuka. Kioko alisimama akalitazama likikataa, na kwa mara ya kwanza mwezi ule alihisi kitu kinachokaribia furaha. Akafungua boneti, akafungua kifuniko cha tangi, ambalo siku zote alikuwa ametosheka na kipimo chake cha nje, akaingiza kidole.

Kidole kilitoka cheupe. Ndani ya tangi mlikuwa na kitu kizito, chenye mabonge, kama uji uliopoa. Alikinusa. Kilinukia kama nywele za msichana anayekwenda harusini.

"Nzai. Njoo hapa. Hiki ni nini?"

Nzai alichungulia. "Mafuta, fundi."

"Mafuta gani?"

"Safi."

"Nimekuuliza mafuta gani."

"Ya nazi. Ya Bi Mkubwa mwenyewe, ameyapika hapa uani. Hayana hata tone la maji."

Kioko alipangusa kidole kwenye suruali. "Nani alikuambia utie mafuta ya nazi kwenye gari?"

"Wewe ulisema nisitie ya breki, nisitie ya injini, nisitie dizeli. Nikatia yasiyokuwa hayo. Na ulisema safi. Fundi, haya twapaka watoto wachanga."

Kila mwanamke wa pwani anajua kwamba mafuta ya nazi huganda kwenye chupa asubuhi za Julai, na huiweka chupa juani kabla ya kuchana nywele. Kioko mwenyewe alikuwa amemwona Mueni akifanya hivyo tangu walipohamia Malindi.

"Mimi ndimi niliyempa," sauti ya Bi Kulthum ilitoka ndani ya nyumba. "Aliniambia gari lina kiu. Kulinywesha ni dhambi?"

"Si dhambi, Bi. Shikamoo."

"Marahaba. Basi liamshe twende."

"Jua likitoka yatayeyuka," Harith alisema. "Siku zote huyeyuka. Au tutie jiko la makaa chini ya gari, lipate joto."

"Hakuna jiko litakalokwenda chini ya gari lenye petroli. Na hata yakiyeyuka, gari haliendi Mombasa." Kioko alijaribu kusema polepole. "Bwana Harith, breki za gari hili hunywa kwenye tangi hili hili. Si kuinuka tu. Breki. Bonge moja likienda kukaa kwenye paipu ya breki, mimi sijui liko wapi na wewe hujui. Utajua ukifika Kilifi, pale pa kuteremkia feri. Chini ya mteremko ule kuna bahari."

"Juzi lilitoka Marereni na breki zilishika vizuri kabisa."

Nzai akaanza kuzitazama ndala zake.

"Juzi lilitoka wapi?" Kioko aliuliza.

Harith alirekebisha kofia yake. "Ulikuwa mzigo mdogo."

Kioko alifungua mlango wa nyuma. Zulia lilimeta kwa chembe za chumvi. Akaufunga, akaenda upande wa dereva, akazima injini, akatia ufunguo mfukoni.

"Fundi," Harith alisema, na upole wote ulikuwa umemtoka sautini, "mamangu haoni. Daktari aondoka leo. Mimi nimekuheshimu miaka mitatu. Nipe ufunguo wangu."

"Sikupi."

"Basi usiliguse gari langu tena maisha yako."

"Hiyo ingekuwa zawadi," Kioko alisema, na mara akajuta, si kwa ajili ya Harith. Mlangoni alikuwa amesimama bibi mwenyewe, buibui begani, mkono kwenye mwimo, uso umeelekezwa mahali ambapo hapakuwa na mtu. Alikuwa amevaa kabla ya alfajiri.

"Tutambeba," Harith alisema. "Tutatafuta gari lolote, tumwinue sisi wanne."

"Mimi sibebwi," Bi Kulthum alisema. "Nilipovunjika mlinibeba juu ya kitanda, na mtaa mzima ukatoka ukilia, wakidhani nimekufa. Nilisikia mtu akiuliza nitazikwa saa ngapi. Sirudii. Na mkinishika nyonga nitapiga kelele."

Kioko aliketi kwenye baraza ya nyumba, na alipoketi akahisi jinsi baraza ile ilivyokuwa juu. Visigino vyake havikugusa chini. Akageuka kutazama mlango. Kutoka ukumbini hadi barazani hapakuwa na kipandio. Sakafu ilikuwa moja. Akashuka, akasimama kando ya baraza, akapima kwa mkono mahali ilipomfika pajani. Akafikiria kiti cha pikapu ya jirani yake Ochola, kilicho juu kadiri ile ile.

"Lo," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeibiwa.

Kwa miaka mitatu alikuwa amelala chini ya gari lile, akabadilisha paipu, akanyonya mafuta, akanusurika kupondwa kifua, yote ili liendelee kumshukia bibi huyu hadi chini, mchangani, na kila safari wao wakimshusha kwa taabu ngazi za nyumba yake hadi huko chini. Hakuna aliyewahi kusimama akaitazama baraza. Yeye mwenyewe hakuitazama.

Alikimbia hadi Barani, akamkuta Ochola, mchomelea vyuma waliyepakana naye, akipiga mswaki nje ya mlango.

"Pikapu yako ina breki?"

"Breki iko," Ochola alisema, povu kinywani. "Honi hakuna, taa ya kulia hakuna, mlango wa kushoto unafungwa na kamba. Lakini breki, Kioko, hiyo umeitengeneza wewe."

"Nipe ufunguo."

"Unakwenda wapi?"

"Mombasa."

"Na hiyo honi?"

"Nitapiga kelele. Leo nina kelele za kutosha."

Aliisogeza pikapu hadi ubavu wake wa kushoto ukagusana na baraza, akaifungua ile kamba na kuuinua mlango kutoka kwenye bawaba zake, akauweka ukumbini. Kiti kilikuwa chini ya baraza kwa upana wa vidole. Wakatandika mkeka uliovuka kutoka jiweni hadi kitini. Bi Kulthum alitembea polepole kutoka ukumbini, akapapasa, akaketi ukingoni mwa baraza mguu mbovu ukiwa umenyooka, kisha akajisogeza mwenyewe, kidogo kidogo, huku Harith akivuta mkeka kwa upande wa pili. Hakuna aliyemgusa nyonga.

"Nimeshafika?" aliuliza.

"Umeshafika, Bi."

"Ni hivi tu?"

Kioko akasema ni hivi tu, akaurudisha mlango, akaufunga kwa kamba.

Walisafiri watatu mbele, Harith katikati, magoti yake yakigombana na gia na kanzu yake ikipangusa grisi ya Ochola. Pikapu ilikuwa na springi za chuma, na springi hizo hazikumficha mtu kitu. Kila shimo kati ya Gede na Kilifi lilifika kiunoni mwa Bi Kulthum likiwa zima, na kila mara alisema neno juu yake.

"Ngamia wangu hakunipiga hivi."

"Ngamia wako amekunywa mafuta ya nywele, Bi."

"Na wewe siku ile ulimwambia Nzai atie nini?"

Kioko alibadilisha gia.

Kilifi walikuta foleni ya malori mawili na basi. Walipoitwa, pikapu iliinamisha pua kwenye mteremko wa feri, maji ya kijani yakajaa kioo cha mbele, na Kioko akakanyaga breki. Zilishika. Akaziachia kidogo, akakanyaga tena.

"Ndio huu mteremko ulionigombanisha na safari yangu?" Bi Kulthum aliuliza.

"Ndio huu, Bi."

Aliupima kwa mgongo wake. "Mfupi," alisema.

Harith alikohoa, akatazama juu.

Walifika hospitali kabla ya adhuhuri, wakaipanga pikapu kando ya machela ya magurudumu, na bibi akahamia juu yake jinsi alivyohama nyumbani. Jicho la kulia lilifanyiwa upasuaji mchana ule ule. Kioko alingoja nje, akalala kwenye kiti cha pikapu miguu ikining'inia mlangoni, hadi Harith alipokuja kumgusa bega. Uso wa Harith ulikuwa umechoka na kulainika, na alikuwa ameshika kofia yake mkononi. Alisema Mungu amlipe. Alisema maneno ya asubuhi yalikuwa ya asubuhi, wayaache huko.

"Kwa hiyo, fundi wangu," akaendelea, "Ngamia atakuwa tayari Jumatatu? Maana mama sasa ana baraza yake, hamhitaji tena, na kule Marereni Kahonzi ameniwekea chumvi yangu pembeni."

Kioko aliupapasa ufunguo wa Ngamia, ambao bado ulikuwa mfukoni mwake. Kisha akamwuliza mamake anaendeleaje.